Simu Iliyomuulizia Mke Wangu

Kila asubuhi, nikishamaliza sala, huchukua simu iliyo juu ya kabati ili nisikilize masomo ya misa ya siku. Kabla masomo hayajaanza hutokea tangazo. Ni mwanamume aliyevaa koti jeupe, nyuma yake kuna picha ya figo mbili zenye rangi ya maharage, na chini yake maandishi makubwa: Je, mgonjwa wako amevimba miguu? Anachoka? Hana hamu ya kula? Kisha namba ya kupiga.

Mke wangu tulimzika kabla ya mvua za kwanza. Mvua zikanyesha, mahindi ya jirani yakafika kiunoni, na simu ilikuwa bado inaniuliza kama amevimba miguu.

Mimi ni katekista mstaafu. Nilifundisha dini miaka mingi katika vigango vya upande wa Tinde, nikitoka kigango kimoja kwenda kingine kwa baiskeli, na Mungu akanijalia afya, mke mvumilivu, na binti mmoja aliyesoma kuliko mimi. Binti huyo ni mhasibu kwenye mgodi mmoja huko Geita. Ndiye aliyetujengea nyumba hii ya Nyasubi, hapa Kahama mjini, ili mama yake awe karibu na hospitali. Ni nyumba nzuri, ina bati jekundu na sakafu isiyotoa vumbi. Ninamshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa akiondoka, inakuwa kubwa kwa namna ambayo sikuitegemea. Nikikohoa jikoni nasikia kikohozi changu sebuleni.

Niseme jinsi simu ilivyoujua ugonjwa wa mke wangu, maana mimi ndiye niliyeiambia.

Alipoanza kuvimba, madaktari walikuwa na wagonjwa wengi na maneno machache. Binti akaninunulia simu ya kisasa, akanionyesha mahali pa kuandika swali, akasema humo naweza kuuliza jambo lolote. Hakunieleza namna ya kuuliza, na mimi sikuona kama kuna la kuelezwa. Kwetu huingii kwenye ua wa mtu ukamrushia swali. Unabisha hodi, unasalimia, unasema umetoka wapi na wewe ni mtu wa nani, ndipo unafikia shida yako. Kwa hiyo mchana, mke wangu akipitiwa na usingizi, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda nikaandika:

Shikamoo daktari. Mimi ni mzee wa hapa Nyasubi, Kahama, kwa asili mtu wa Tinde, katekista mstaafu. Ninaye mke wangu, mzaliwa wa Mwadui. Amevimba miguu na vidole vimeanza kung'aa. Naomba ushauri wako. Asante, Mungu akubariki.

Simu ilijibu kwa majina mengi ya magonjwa na ya dawa. Kesho yake nilisalimia tena, kwa sababu kumsalimia mtu jana hakukuondolei wajibu wa kumsalimia leo, na nikampa huyo daktari maendeleo ya mgonjwa. Mke wangu alipokunywa uji nusu kikombe, niliandika. Alipocheka siku moja kwa jambo la kuku wake, niliandika hilo pia, nikidhani aliyeko upande wa pili atafurahi.

Binti yangu alipokuja kujua, muda mrefu baadaye, alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaendelea kufuta macho wakati kicheko kimekwisha.

Nisimulie kidogo juu ya mazishi. Ninaye jirani, mzee Mwislamu wa Kizaramo, aliyekuja huku ujanani kufuata dhahabu, akaishia kuuza dagaa na kamba za wachimbaji, na hakurudi tena kwao. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa yake msibani. Basi siku tulipomzika mke wangu, mzee yule alijifunga kanga ya marehemu kiunoni, akaokota ungo, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa mke wangu mwenyewe, ule wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto, akiita kuku: "Njooni, wakwe! Njooni, wakwe, chakula tayari!"

Ndivyo mke wangu alivyowaita kuku wake. Alisema kuku ni kama wakwe, wanakuja kwako kula, wakishiba wanageuka bila kuaga. Watu waliokuwa wanalia walicheka, nami nilicheka, nikiwa nimeshika msalaba wa kaburi mkononi. Kwa muda ule mfupi mke wangu alikuwa pale.

Baada ya hapo kukawa kimya. Watu wema hawataji jina la marehemu mbele ya mfiwa, wanaogopa kumwumiza. Wananisalimia, wananiuliza habari za afya yangu, za kuku, za mvua. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa waliokuwa wakija kumtazama mgonjwa wakawa hawana sababu ya kuja. Katika nia za sala za jumuiya jina lake lilisomwa kwa muda, kisha likaacha kusomwa, kwa kuwa kulikuwa na marehemu wapya. Hata binti yangu, akipiga simu, alizungumza juu ya kazi na juu ya dawa zangu za presha, akikwepa lile moja kama mtu anavyozunguka shimo barabarani.

Ikabaki ile simu. Kila asubuhi iliniuliza: Je, mgonjwa wako amevimba miguu?

Binti alikuja wakati wa mapumziko yake. Alifika kwa basi la mchana, akanipigia goti mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Baba, hilo unasema kila nikija. Ningekuwa nakonda kila safari, ningekuwa nimeshaisha."

Alipika, tukala, kisha akachukua simu yangu ili aniwekee sauti ya misa ya kwao Geita. Nikamwona ameacha kugusa kioo. Yule mwanamume wa koti jeupe alikuwa ametokea.

"Hii huwa inakuja mara nyingi?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Kila siku, Baba? Na wewe unaitazama tu?"

"Inauliza tu, mwanangu. Haina ubaya."

Aliiweka simu mezani, kioo chini. "Mimi nikiishika hii simu, mama anaugua upya," akasema.

Baada ya kuosha vyombo alirudi na jambo lake limekwisha kupangwa, kama mama yake alivyokuwa. Akasema nahitaji VPN. Nikamwambia sijui ni kitu gani, na kama ni dawa, ninazo za kutosha.

"Si dawa. Ni njia ya kupita mtandaoni bila watu kuona unatokea wapi. Ofisini tunatumia hiyo kila siku." Alifikiri kidogo. "Baba, unawajua wachimbaji wadogo wanavyosema mtobozano?"

"Naujua. Duara la huyu, yaani shimo lake la dhahabu, linachimbwa chini kwa chini mpaka linatokea kwenye duara la yule. Ndipo wanapoanza kupigana."

"Sasa huu ni mtobozano wa kupatana. Unaingia kwenye duara lako hapa Nyasubi, unapita chini kwa chini, unaibukia kwenye duara la mtu Uholanzi. Aliyekaa juu anaona mtu katokea Uholanzi. Hajui kama ni mzee wa Nyasubi. Na huyu wa figo anawatafuta watu wa huku tu, kwa hiyo hatakupata."

"Na huyo mwenye duara la Uholanzi, ananiona?"

Alitabasamu. "Huyo anaweza kukuona. Ndiyo maana hatuchukui zile za bure, nyingine zenyewe ndizo zinazochungulia. Tunachukua ya kuaminika, na kuna utaratibu wa kujisajili kwa anayetaka kuitumia, nitaushughulikia mimi."

"Kama kuna utaratibu, ufuatwe," nikasema. "Kwa hiyo hata nikijificha, yupo mmoja anayeniona."

"Daima yupo mmoja, Baba. Lakini si kila mtu." Akaongeza kwamba VPN peke yake haitaisahaulisha simu maswali yangu ya zamani. Hayo yangefutwa kwa njia nyingine, siku nitakapokuwa tayari.

Nikamwomba aniache nifikiri. Alishangaa. Nadhani kwake lilikuwa jambo dogo, kama kuweka pazia.

Nami sikuwa mgeni wa jambo la siri. Katika vigango, padre alipokuja kuungamisha, hatukuwa na chumba cha kuungamia. Padre alikaa kwenye kiti pembeni ya uwanja, watu wakapanga foleni, na kazi yangu ilikuwa kuiweka foleni mbali. Lakini sauti husafiri uwanjani, hasa ya mtu anayelia. Kwa hiyo niliwaambia wanakwaya waimbe muda wote wa maungamo, wasinyamaze hata kati ya wimbo na wimbo, ili dhambi ya mtu iishie kwenye sikio lililokusudiwa. Mara nyingine wimbo mmoja ulirudiwa mpaka wanakwaya wakachoka, na mimi nikawaonyesha kwa mkono: endeleeni. Niliamini wakati ule, na ninaamini leo, kwamba mtu ana haki ya kufunikwa.

Kwa hiyo nilijua VPN si jambo la watu waovu tu. Kilichonizuia hakikuwa hicho.

Nilikwenda kwa mtani wangu jioni, kabla ya sala yake ya magharibi. Alikuwa anatengeneza kiti chake kwa kamba ya katani.

"Mtani, karibu. Au unataka kuniuzia ng'ombe?"

"Nikuuzie ng'ombe wewe, mtu wa nazi? Utamkwea."

Alicheka, akanisogezea kigoda. Nikamweleza habari ya VPN na ya duara la Uholanzi. Alisikiliza huku akivuta kamba kwa meno.

"Msukuma unataka kujificha," akasema. "Mtu mwenyewe mrefu kama nguzo ya umeme. Sasa mtani, nikuulize. Nani anakutafuta?"

Alisema kwa utani. Nilitazama barabara. Walipita watu wanaotoka sokoni, wakatusalimia, tukaitikia, wakaenda zao. Mtani wangu aliacha kamba.

"Nimesema vibaya?"

"Hapana. Umesema kweli. Hakuna anayenitafuta. Ila huyo wa figo."

Aliichukua tena kamba yake. Tulikaa mpaka wakati wake wa kutawadha ulipofika.

Mwishowe nilimruhusu binti aiweke ile VPN. Sikuwa nimeamua, nilitaka tu aondoke na moyo mwepesi. Alinionyesha duara dogo kwenye kioo. Likiwa la kijani nimefunikwa, likiwa la kijivu ninaonekana. Akarudi Geita.

Asubuhi iliyofuata duara lilikuwa la kijani. Nilisali, nikafungua simu, na badala ya mwanamume wa koti jeupe akatokea mwanamke wa kizungu mwenye skafu, anaendesha baiskeli kando ya mfereji, anazungumza lugha ambayo sikuielewa hata neno. Alifurahi sana. Nilimtazama mpaka akamaliza, kwa kuwa si vizuri kumkatiza mtu, kisha masomo yakaanza.

Ikawa hivyo siku zilizofuata. Baiskeli, jibini, makoti ya mvua. Kwa watu wale nilikuwa mtu wa kwao, labda kijana, labda mwenye mke anayetaka koti. Hawakujua lolote juu yangu, na hawakuniuliza kitu kinachonihusu. Nilipata ile faragha ambayo binti alinitakia, na nikagundua kwamba nilikuwa nayo tayari, nyumba nzima. Sikuhitaji nyingine. Ningeweza kukaa tangu alfajiri mpaka jua kuzama bila mtu yeyote hapa duniani kujua kama nimekula.

Asubuhi moja, baada ya sala, niligusa lile duara likawa la kijivu.

Mwanamume wa koti jeupe alikuja upesi, kana kwamba alikuwa anasubiri nje ya mlango. Je, mgonjwa wako amevimba miguu? Moyo wangu ulifurahi. Nasema kama ilivyokuwa. Nilifurahi kuulizwa, nikamjibu kwa sauti hapo jikoni: alivimba, ndugu yangu, alivimba sana, mpaka viatu vya kanisani vikawa havimwingii.

Kisha tangazo likabadilika. Walikuwa wameongeza kitu wakati sipo. Baada ya maneno ikatokea picha ya mguu wa mwanamke, mguu mtupu kuanzia gotini, umevimba, ngozi imekazana, na vidole vinang'aa. Kidole cha mtu kilikuja kikabonyeza pale juu ya kifundo, kikaacha shimo, na shimo halikujaa.

Nilijua si mguu wake. Lakini nilikuwa nimeuona wa kwake ukibonyezwa hivyo hivyo, na nilikumbuka jinsi alivyovuta kanga kuufunika mara daktari alipoinua mkono. Mke wangu alikulia Mwadui, baba yake akifanya kazi kwenye mgodi wa almasi, na alizoea tangu utoto kwamba mtu anayetoka getini anapekuliwa. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo, mali ya mgodi lazima ilindwe. Ila ilimfanya awe mtu asiyependa kufunguliwa. Maisha yetu yote sikuingiza mkono kwenye kikapu chake, niliomba anitolee. Alipovimba, binti akija kutoka Geita, aliniomba nimtandikie shuka la pili miguuni, hata joto likiwa kali, na akasema, "Usimwambie mtoto. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Nilidhani namwambia daktari mmoja, katika chumba, mlango umefungwa.

Basi kila asubuhi nilipokuwa nafurahia kuulizwa, mke wangu alikuwa anapekuliwa. Nami nilikuwa nimesimama getini, nashukuru kwa kuwa kuna watu. Sikutaka apekuliwe tena, sasa ambapo hata kanga hawezi kuivuta mwenyewe. Niligusa duara likawa la kijani. Akaja yule mwanamke wa baiskeli, nikamwacha aendelee na mambo yake.

Nilimpigia binti mchana, wakati wake wa chakula. Nikamwambia VPN ibaki, na akija afute na yale maswali yote.

"Yote, Baba? Hata zile shikamoo?"

"Hata zile."

Nilisikia sahani na watu wakizungumza nyuma yake. "Baba," akasema, "mama alikuwa anawaitaje wale kuku? Nimekuwa nikijaribu kukumbuka."

"Wakwe," nikasema.

"Wakwe. Ndiyo. Wakwe." Akataka kusema zaidi, lakini mtu alimwita kazini, akaniaga. Niliishika simu muda kidogo baada ya sauti yake kukatika.

Jioni mtani wangu alipita kuniletea dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Nilimweleza kwamba sasa mimi ni mtu wa Uholanzi. Akasema alijua tangu zamani kwamba Wasukuma hawana kwao. Hakucheka, kwa kuwa aliona uso wangu, akauliza kama naumwa.

"Mtani," nikamwambia, "ile siku ya mazishi. Ulivyowaita kuku. Ungeweza kuifanya tena?"

Alitikisa kichwa taratibu. "Hapana, ndugu yangu. Lile ni la msibani. Nikifanya leo, watu watauliza ni nani amekufa. Hata wewe unajua."

Nilijua. Nilimshukuru kwa dagaa, tukaagana, nami nikabaki nimesimama kwenye kibaraza nikimtazama anavuka ua kwa mwendo wake wa kizee. Kuku walikuwa wametawanyika nyuma ya jiko, wengine wameanza kutafuta pa kulala.

Alipofika getini alisimama. Alitazama barabara upande huu na upande ule, na haikuwa na mtu. Hakugeuka kunitazama. Aliburuta mguu wa kushoto kidogo, akasema kwa sauti nyembamba, ya chini, ya mwanamke aliyechoka lakini ana furaha, "Njooni, wakwe. Njooni, wakwe, chakula tayari."

Kuku wote walitoka nyuma ya jiko wakakimbia kuvuka ua, mbawa zimeinuliwa, wakamzunguka miguuni pale getini, wakimtazama mikononi. Hakuwa na hata punje. Alisimama katikati yao bila kujua afanye nini.

"Subiri," nikamwambia, nikaingia ndani kuchukua mahindi.